Hewa Imo Katika Awamu ya Pili

Ilikuwepo nchi moja, na kama bado ipo, lawama asibebeshwe anayesimulia. Nchi nyingine Mungu alizijalia mafuta, nyingine akazijalia dhahabu. Hii aliijalia semina. Maji yakikatika, watu waliandaliwa semina ya maji. Daraja likianguka, ilifanyika semina ya madaraja, na wajumbe waliokwama ng'ambo ya mto waliombwa radhi kwa usumbufu. Hakuna aliyelalamika, maana kulalamika nako kulikuwa na semina yake, na nafasi zilikuwa zimeshajaa.

Juu ya kilima cha chuo kikuu cha nchi hiyo palikuwa na Kituo cha Utafiti wa Roboti. Kilikuwa kituo kizuri, jamani, tusiwe wachoyo wa kusifu. Kilikuwa na geti la chuma, mlinzi, bango la kuonekana kutoka barabara kuu, ukumbi wenye mapazia mazito ya zambarau, spika za kutikisa kifua, na stoo iliyojaa maturubai, viti na makabrasha ya plastiki yenye zipu. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijapatikana, nacho kilikuwa ni roboti.

Hilo halikuzuia kazi. Kila Alhamisi palikuwa na mhadhara. Mkuu wa Kituo, Profesa Mlekwa, alikuwa amezungumza juu ya roboti kwa ufasaha kiasi kwamba alialikwa mpaka nchi za mbali kueleza anavyoweza kufanya hivyo bila kuwa nayo. Mada yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa "Mchango wa Roboti katika Kuendeleza Semina za Roboti." Aliitoa akiwa amefumba macho, na wapo waliotokwa na machozi. Kila semina ilifungwa kwa maazimio, na azimio la kwanza halikubadilika: kwamba wakati umefika sasa wa kukutana tena.

Katika Kituo hicho alikuwamo binti mmoja aitwaye Hidaya. Binti huyu alikuwa na kasoro moja, ila ilikuwa kubwa: alikuja kutengeneza roboti. Alijibanza kwenye kona ya stoo, nyuma ya maturubai, akatengeneza mkono. Mkono wa kweli, wa vyuma na nyaya, unaoweza kushika yai na kuliweka chini lisipasuke. Profesa alipoonyeshwa alilitazama lile yai, akalitazama tena, akasema, "Ni jambo jema, binti. Lakini huu ni mkono. Sisi hapa tunaangalia picha nzima." Mkono ukatiwa kwenye gunia, kwa kuwa meza aliyoifanyia kazi ilikuwa inahitajika kwa chai.

Mama yake, Bi Siwatu, alikuwa msusi. Yeye aliishia darasa la saba, akasuka vichwa vya mtaa mzima hadi vidole vikakakamaa, na kwa vidole hivyo hivyo akamfikisha mwanawe chuo kikuu. Wateja wake walikuwa wanajua habari za roboti kuliko wizara.

"Hivi huyo roboti ndiyo nini hasa, Mama Hidaya?" mteja mmoja alimuuliza, kichwa kimelazwa magotini pake.

"Mtu wa chuma. Anafanya kazi kutwa, hali, hachoki, haombi ruhusa ya msiba."

"Mbona huyo ni mimi!"

Wakacheka mpaka kitana kikadondoka. Siwatu naye alicheka. Wakati ule jambo lenyewe lilikuwa bado linachekesha.

*

Sasa ikatokea nchi jirani ikaonyesha roboti yake kwenye televisheni. Ilikuwa inafagia. Haikufagia vizuri, iliacha taka kwenye kona kama mtoto aliyelazimishwa, lakini ilifagia. Aibu ikapanda hadi Wizara ya Maono na Semina. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kasuguru, siku hiyo alikuwa anafungua semina ya wafuga nyuki. Akajikuta ametamka mbele ya vipaza sauti:

"Na sisi tunayo! Tena ya kwetu inasema! Mtaiona kwenye Kongamano Kuu!"

Profesa Mlekwa alizisikia habari hizo redioni, akiwa kwa kinyozi, povu limemfunika nusu ya uso. Katika nchi ile, waziri akishasema kitu kipo, kilichobaki ni kukipata. Kusema hakipo ilikuwa ni kumwita waziri mwongo, na waliomwita waziri mwongo walikuwa na chumba chao, na chumba hicho hakikuwa na dirisha.

Mota zilizoagizwa kwa ajili ya roboti zilikuwa zimekwama bandarini tangu enzi za mkuu wa Kituo aliyepita, zikisubiri semina ya utoaji wa mizigo. Basi Profesa akawaendea mafundi wa kuchomelea mageti na matangi ya maji. Wakamtengenezea umbo la kupendeza: kichwa kama ndoo, kifua kama jiko la kuokea mikate, miguu kama mabomba ya maji machafu. Wakalipaka rangi ya fedha likang'aa. Profesa akalizunguka, akaridhika, kisha akaona upungufu.

"Limesimama tu," alisema.

"Si ndiyo kazi ya bati, Profesa," fundi akajibu.

Profesa akarudi Kituoni, akawapanga watumishi wake wote ukutani, akawakagua mmoja mmoja kuanzia kiunoni. Walikuwa watu wa semina nyingi na chai nyingi, hakuna hata mmoja ambaye angepita kwenye mlango wa jiko la mikate. Macho yake yakateremka mstari mzima hadi mwisho, yakatua kwa Hidaya, mwembamba, mikono imejaa grisi.

*

Siku hiyo Hidaya alirudi nyumbani mapema, akamkuta mama yake barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanuka rangi?"

Hidaya akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Nimeteuliwa."

"Umeteuliwa! Alhamdulillahi! Kuwa nani?"

"Mfumo wa ndani."

"Cheo gani hicho? Kiko juu ya katibu muhtasi?"

"Kiko ndani ya roboti, mama."

Siwatu alikuwa ameshika kitana. Akakichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, kama afanyavyo akitaka kusikia vizuri. Hidaya akamweleza polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa: kwamba ataingia, atasimama, akitajwa ataamkia watu na kuinua mkono wa kulia, kisha roboti itasukumwa kwa toroli hadi nyuma ya pazia, naye atatolewa.

"Yaani mtu mzima na elimu yako, unaingia kwenye bati?"

"Ni kwa muda tu. Mpaka mota zitoke bandarini."

"Si ungekataa!"

"Shahada yangu iko kwa Profesa, mama. Inangoja saini yake tu. Amesema tukishamaliza Kongamano."

"Kuna matundu ya kupumulia?"

"Kuna la mdomoni. Wameliwekea wavu wa spika."

"Na mlango unafungwa na nini?"

"Komeo."

"Komeo liko upande gani?"

Hidaya akaanza kujikwangua grisi kwenye kucha. "Wa nje," alisema.

Siwatu hakulala vizuri tangu hapo. Alisuka watu wakalalamika kwamba amewavuta. Mwishowe akavaa gauni lake la kuendea harusi za watu, akapanda kilima, akabisha hodi kwa Profesa.

"Karibu sana, mama! Umekuja katika kipindi cha kihistoria."

"Ahsante, Profesa. Mimi sikusoma, nikikosea unisamehe. Nimekuja kuuliza, mwanangu atakaa mle ndani ya bati kwa muda gani?"

"Kwanza turekebishane kidogo, kwa nia njema kabisa. Lile si bati. Ni gamba la kiteknolojia. Na mle ndani hakutakuwa na mtu. Kutakuwa na mfumo."

"Huyo mfumo nimemzaa mimi."

"Na taifa linakushukuru kwa mchango wako."

"Sawa. Na hewa je?"

"Hewa," alisema Profesa, akiegemea kiti chake, "imo katika awamu ya pili."

"Hiyo awamu ya pili ni lini?"

"Mara tu baada ya tathmini ya awamu ya kwanza."

Siwatu alitaka kusema kwamba mtu anahitaji hewa awamu zote, tena hii ya kwanza kuliko nyingine. Lakini maneno ya Profesa yalikuwa yamevaa suti, na ya kwake yamejifunga kanga. Yakaona haya kutoka.

"Tena umekuja wakati mzuri," Profesa akaendelea. "Kila kongamano sharti liwe na mwananchi wa kawaida mmoja. Tuliyekuwa naye tumemwalika mara nyingi hadi amekuwa mtaalamu wa uwananchi wa kawaida, sasa anatoa mada. Nafasi iko wazi. Njoo wewe. Utakaa, utapiga makofi, na utajionea kwa macho yako jinsi mfumo ulivyo salama."

*

Kabla hatujaingia ukumbini, ni vizuri msomaji ajue desturi moja ya nchi ile, maana bila hiyo hataelewa watu wazima walifikaje pale walipofika.

Desturi yenyewe ilikuwa itifaki. Hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo kwenye mkutano kabla ya kuwataja wote walio juu yake, kwa vyeo vyao vyote, kuanzia wa juu kabisa. Akimruka mmoja, Afisa Itifaki aligonga kengele naye akaanza upya. Afisa Itifaki wa Kongamano alikuwa Bi Leokadia, mwanamke mrefu, miwani yake ina mnyororo, na kengele yake aliipakata kama mtoto mchanga. Aliwahi kumrudisha mwanzo mkuu wa wilaya mpaka mgeni rasmi akasinzia, akaamka, akashukuru, akaondoka. Tena itifaki haikuwa ya maneno tu. Mtu wa chini hakuruhusiwa kumgusa wa juu, kumkatiza wala kumhamisha alipo, isipokuwa kwa ruhusa ya aliye juu zaidi.

Siku ya Kongamano ukumbi ulifurika. Feni zote zilielekezwa meza kuu. Roboti ilisimama kando ya mimbari, chini ya taa kali za televisheni, kifuani imeandikwa kwa rangi nyekundu: UZALENDO. Siwatu alipewa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa pilau, chenye kibao kilichosema MWANANCHI WA KAWAIDA. Hakukiegemea.

Waziri akaingia, watu wakasimama. Akakata utepe, akarudi nyuma hatua chache. Bati likakwaruza, mkono wa kulia ukapanda mpaka juu ya kile kichwa cha ndoo, na sauti ikatoka kwenye wavu:

"Karibuni, waheshimiwa. Naitwa Uzalendo. Nipo tayari kutumika."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya viti. Siwatu peke yake ndiye aliyesikia kwamba koo lililotoa sauti ile lilikuwa kavu. Waziri naye alizidiwa. Mtu asiyeinamia hata jeneza, akajikuta amemwinamia roboti.

Bi Leokadia akaona. Katika kazi yake yote alikuwa hajawahi kuona waziri akimwinamia mtu asiye na cheo, na kwa kuwa jambo hilo haliwezekani, basi yule alikuwa na cheo. Akamnong'oneza mshereheshaji. Mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Kuanzia dakika hii Mheshimiwa Uzalendo ametambuliwa rasmi na itifaki! Atatajwa baada ya Mheshimiwa Waziri na kabla ya Makamu Mkuu wa Chuo! Makofi ya kupasha, tafadhali. Pasha!"

Ukumbi mzima ukasugua viganja.

"Piga!"

Wakapiga. Profesa Mlekwa naye alipiga, halafu mikono yake ikaishia hewani. Alikuwa wa kwanza kuelewa.

Vijana wawili wa ufundi walikuwa tayari na toroli. Wakasogea, wakaliinamisha bati kidogo ili walipakie. Kengele ikalia.

"Mnampeleka wapi Mheshimiwa?" aliuliza Bi Leokadia.

"Nyuma ya pazia, mama."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Vijana wakamtazama Profesa. Profesa akatazama viatu vyake. Toroli likarudi lilikotoka, tairi moja likilia.

*

Wasemaji wakaanza kupanda mimbarini. Kila aliyepanda alisema, "Mheshimiwa Waziri, Mheshimiwa Uzalendo," na kila mara bati lilikwaruza na mkono ukapanda kuitikia. Makamu Mkuu wa Chuo alizungumzia roboti na maadili. Msemaji aliyefuata alizungumzia roboti na kilimo, akasahau cheo cha pili cha Makamu, akarudishwa mwanzo, mkono ukapanda tena. Yule mwananchi wa kawaida wa zamani alitoa mada juu ya hisia za mwananchi wa kawaida anapoiona roboti kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemwuliza Siwatu hisia zake.

Siwatu hakusikia hata mada moja. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkono. Mwanzo ulipita kichwa. Kisha ukafika sikioni. Halafu begani. Msemaji wa roboti na utalii alipotaja jina, mkono ulifika kifuani, ukatetemeka, ukaanguka kwa kishindo cha ndoo tupu, na watu wakapiga makofi.

Siwatu akainuka, akapita pembeni kwa kuinama mpaka kiti cha Profesa.

"Profesa, mkono unashuka."

"Nimeuona, mama."

"Basi mtoe."

"Siwezi kumgusa. Yuko juu yangu."

"Si wewe uliyemwingiza mle?"

"Wakati ule alikuwa chini yangu."

"Mwanangu anakufa, Profesa! Mwambie waziri!"

"Ningemwambia. Wallahi ningemwambia. Lakini ndiye huyo anasimama kuhutubia, na hotuba ya waziri haikatizwi. Ikikatizwa inaanza upya." Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye tai. Hakuwa mtu mbaya, Profesa Mlekwa. Alikuwa anaogopa tu. Na watu wa namna hiyo wakijaa ukumbi mzima, hahitajiki mbaya hata mmoja.

Waziri akakohoa kidogo, spika zikatikisa vifua.

"Ndugu zangu! Walitubeza! Walisema hatuwezi! Waliuliza, roboti iko wapi? Leo nawajibu: iko hapa, tena imetuzidi vyeo wengi wetu! Nani alidhani chuma cha nchi hii kitasema? Nani alidhani kitaamkia? Mheshimiwa Uzalendo, waonyeshe!"

Mkono haukuinuka.

Waziri akangoja, tabasamu limekauka mdomoni. Kisha akapata neno.

"Mnaona? Imekataa kujionyesha! Imejifunza unyenyekevu! Za wenzetu zinafagia, ya kwetu inanyenyekea!"

"Pasha!" akapaza sauti mshereheshaji. "Piga!"

Wakati wakipiga, maji yalianza kudondoka kutoka kwenye kiungo cha goti la bati, yakalowesha zulia jekundu.

"Ule ni mfumo wa kupoza joto," mtaalamu mmoja wa mstari wa mbele alimwambia jirani yake.

"Wa kisasa sana," jirani akakubali.

Siwatu hakurudi kwenye kiti chake. Alishika njia ya katikati, ile iliyotandikwa kwa ajili ya waziri, akaifuata moja kwa moja hadi mbele. Kengele ikalia. Hakusimama. Bi Leokadia akamziba njia.

"Mama! Wewe ni nani katika itifaki?"

"Simo."

"Haiwezekani usiwemo. Kila mtu yumo."

"Tafuta."

Bi Leokadia akatafuta kwenye orodha yake. Alipekua kutoka juu kwenda chini, akapekua kutoka chini kwenda juu. Walikuwamo hadi wapiga picha na mlinzi wa geti. Mwananchi wa kawaida hakuwamo, maana siku zote alikuwa anatajwa kwa jumla, mwishoni, kwa maneno "na wengine wote". Kwa hiyo mwanamke huyu hakuwa juu ya mtu wala chini ya mtu, na kanuni ilikataza walio chini tu. Bi Leokadia akainua kengele kumgongea asiyekuwepo, akakosa namna ya kufanya hivyo, mkono ukaganda.

Siwatu akampita. Komeo lilikuwa limegandana na rangi. Alilivuta, likakataa. Akavua kiatu, akaligonga kwa kisigino, akaligonga tena, huku akisema maneno ambayo wenye vipaza sauti walikimbilia kuvizima. Komeo likafyatuka, kifua cha bati kikafunguka, na Hidaya akamwagika nje kama nguo za kufua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Siwatu akamlaza kwenye zulia, akakurupuka hadi mimbarini, akaichukua chupa ya maji ya waziri mbele ya waziri mwenyewe, akammwagia mwanawe usoni.

"Hidaya! Hidaya we! Vuta pumzi, mama yangu. Vuta!"

Feni za meza kuu ziliendelea kuvuma. Halafu Hidaya akavuta pumzi, kwa mlio mbaya kama wa mlango wa stoo, akakohoa, akavuta nyingine.

Televisheni ilikuwa inarusha moja kwa moja. Waziri akamtazama binti, akalitazama bati lililo wazi, akaitazama kamera. Kile chumba kisicho na dirisha hakikujengwa kwa ajili ya watu wadogo peke yao, na yeye alilijua hilo. Akaishika mimbari kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Nchi jirani, roboti yao inafagia! Ya kwetu... imefikia hatua ya kutoa binadamu!"

"Pasha!" mshereheshaji akapiga kelele, sauti imempasuka. "Pasha! Pasha!"

Mamia ya viganja vikasuguana. Hakuna aliyemtazama jirani yake usoni. Na yalipolipuka makofi, marefu kuliko yote ya siku ile, Siwatu alikuwa ameshampakia mwanawe kwenye toroli anaelekea mlangoni. Mlinzi akawafungulia geti, akawapigia saluti, akidhani ni sehemu ya ratiba.

*

Kongamano liliendelea na likafaulu. Maazimio yalisomwa: kwamba haifai Mheshimiwa akae mtupu, na kwamba mfumo mpya wa ndani utafutwe haraka. Suala la hewa lilijadiliwa kwa kina, likasogezwa kutoka awamu ya pili kwenda ya tatu ili lipewe uzito unaostahili.

Hidaya alilala nyumbani, amegeukia ukutani. Alikuwa anakula kidogo, anaongea kidogo. Jambo moja tu alimwambia mama yake. Profesa alikuwa ametuma salamu kwamba yuko tayari kuisaini ile shahada hata leo, ila sasa, kwa mujibu wa itifaki, hawezi kutia saini kabla ya aliye juu yake kutia. Na aliye juu yake ni Mheshimiwa Uzalendo.

"Bati ndilo litie saini?" Siwatu aliuliza.

"Likipata mfumo wa ndani, mama."

Asubuhi moja redio ya mtaani ikatangaza nafasi ya kazi. Mfumo wa Ndani, mmoja. Awe na shahada ya kwanza au zaidi. Awe mwembamba, mwenye uwezo wa kusimama, asiwe na tabia ya kukohoa. Wanawake wanahimizwa kuomba.

Siwatu hakungoja taarifa iishe. Alimwomba jirani amwangalie Hidaya, akajitupia kanga, akaanza kupanda kilima. Alikuwa amepanga maneno yake yote. Atasimama getini, atamwambia kila mzazi atakayemwona, mmoja mmoja kama ni lazima. Safari hii maneno hayatamwonea haya mtu.

Foleni aliikuta bado yuko mbali na geti. Ilishuka kilima, ikapinda nyuma ya msikiti, ikapotelea kwenye makaburi. Vijana wa kiume na wa kike, mashati yamepigwa pasi, na kando ya kila kijana mzazi wake ameshika mwavuli au chupa ya uji. Siwatu akamfuata wa kwanza aliyekuwa karibu, mwanamke wa rika lake, kilemba cha kijani, amesimama na mwanawe wa kiume mrefu, mwembamba kama ufito.

"Dada yangu, mrudishe mwanao nyumbani."

"Kwa nini? Wameshapata mtu?"

"Hawajapata. Mimi nimemtoa wangu mle kwa mikono hii. Alikuwa anakata roho. Mle ndani hamna hewa."

Mwanamke akamtazama vizuri, macho yakamtoka. "Wewe ndiye mama wa yule wa kwanza?"

"Ndiye mimi."

"Jamani! Huyu ndiye mama wa yule wa kwanza!"

Wakamzunguka. Wote waliongea kwa pamoja. Alipitia kwa nani? Kwenye usaili waliuliza nini? Wanapenda watu wa kozi gani? Ni kweli wanatoa chakula cha mchana?

"Hamnisikii!" Siwatu alipiga kelele. "Nimesema hamna hewa! Komeo liko nje! Watawafia watoto wenu, na wao watapiga makofi!"

Mmoja mmoja wakarudi kwenye nafasi zao, wasije wakapitwa. Akabaki yule wa kilemba cha kijani.

"Na sasa wako yuko wapi?" alimuuliza, kwa upole.

"Nyumbani. Amelala."

"Wako amelala tangu siku ya Kongamano, dada. Wangu amelala tangu alipomaliza chuo. Anaamka mchana, anatazama dari, anageuka, analala tena. Hewa anayo tele."

Siwatu alifungua mdomo. Yale maneno yote aliyoyapanga njia nzima, hakuliona hata moja la kumpa. Huko juu geti likalia, foleni ikasogea, na yule kijana akasogea nayo, ameshika kola yake isilegee. Mama yake akamshika Siwatu mkono, akasogeza uso karibu.

"Nisaidie hili moja tu, mama mwenzangu, nami sitakusumbua tena. Mle ndani, mtu anatanguliza kichwa au miguu?"

Siwatu akamtazama yule kijana. Alikuwa amevaa viatu vikubwa, vya baba yake bila shaka, vimepakwa kiwi hadi kwenye nyayo. Yeye Siwatu alikuwa amekuja kukataza. Alijua kabisa kwamba amekuja kukataza.

"Miguu," alisikia sauti yake ikisema. "Na avue viatu kwanza, vitambana."

"Mungu akuweke," alisema yule mwanamke, akainama pale pale kwenye foleni, akaanza kumfungua mwanawe kamba.